Chuma Kikizidi Mwilini: Namna Damu Inavyotolewa na Namna Inavyorudi

Mara nyingi katika masomo yetu tunasema juu ya watu waliopungukiwa na damu. Tunasema juu ya mama ambaye viganja vyake vimekuwa vyeupe, na juu ya mutoto ambaye minyoo ya safura imekula nguvu yake. Kwa watu hao tunasema: Tuongeze chuma, maana pasipo chuma damu nyekundu haiwezi kufanyizwa. Leo somo letu linageukia upande wa pili. Kuna watu ambao chuma kimezidi katika mwili wao. Dawa yao ya kwanza si kidonge wala sindano ya dawa. Dawa yao ni kutolewa damu.

Mutu akisikia neno hili, mara ya kwanza anaogopa. Anasema: “Damu yangu ndiyo nguvu yangu. Wakiitoa kila juma, nitabaki na nini?” Ulizo hili ni jema, wala si la kuonea haya. Wengine wameacha dawa katikati kwa sababu hawakupata jibu lake, na chuma kikaendelea kuharibu ini lao. Tena wako wengine ambao hawaogopi hata kidogo. Wanafikiri kutoa damu kunafaa kila ugonjwa, na wanamuvuta damu mutoto asiye nayo. Wote wawili wanahitaji somo hili.

1. Hemoglobini ni nini?

Ndani ya damu kuna chembe nyekundu nyingi sana, ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Ndani ya kila chembe kuna kitu kinachoitwa hemoglobini. Ndiyo inayoipa damu rangi yake. Kazi yake ni kupokea oksijeni katika mapafu, ni kusema ile sehemu ya hewa tunayoishi kwayo, na kuipeleka kwa kichwa, kwa moyo, kwa mikono na miguu. Mutu mwenye hemoglobini ndogo anahema upesi akipanda kilima, moyo wake unapiga mbio, na kichwa kinamuzunguka.

Hemoglobini haiwezi kushika oksijeni pasipo chuma. Gramu moja ya hemoglobini ina chuma miligramu 3.4 hivi. Katika mutu mukubwa mwenye afya kuna chuma gramu 3 au 4 katika mwili wote, na sehemu mbili katika tatu za chuma hicho zimo ndani ya chembe nyekundu. Kinachobaki kinawekwa akiba, zaidi katika ini.

Chembe nyekundu haiishi siku zote. Inaishi siku 120 hivi, halafu inavunjwa. Lakini mwili hautupi chuma chake. Unakiokota na kukirudisha kwa uboho, ni kusema yale mafuta ya ndani ya mifupa, pahali chembe mpya zinapofanyizwa.

2. Chuma kinazidi namna gani?

Mwili wa mutu una mulango wa kuingiza chuma, lakini hauna mulango wa kutoa chuma kilichozidi. Kila siku tunapoteza miligramu 1 au 2 tu, kwa ngozi na kwa matumbo. Wanawake wanapoteza zaidi kidogo kwa damu ya mwezi, na kwa hiyo ugonjwa huu unawakawilia. Basi, afya yetu inategemea mulinzi wa mulango. Mulinzi huyu ni mujumbe anayetoka katika ini, anaitwa hepsidini. Chuma kikitosha, hepsidini inafunga mulango wa matumbo.

Kuna watu waliozaliwa na mulinzi muzaifu. Mulango wao unabaki wazi, na chuma kinaingia siku kwa siku, mwaka kwa mwaka. Ugonjwa huu unaitwa hemokromatosi. Unaonekana zaidi katika watu ambao ukoo wao ulitoka Ulaya ya kaskazini. Mwaka 1996 wenye elimu walivumbua kosa la uriziwa linaloleta namna kubwa ya ugonjwa huu.

Lakini Afrika pia inajua chuma kilichozidi. Tangu mwaka 1929 habari zake ziliandikwa katika Afrika ya Kusini. Huko watu wengi walikunywa pombe ya nyumbani iliyopikwa katika vyombo vya chuma. Pombe ina uchungu, na uchungu unakula chombo. Hivi mwenye kunywa alikunywa chuma pamoja na pombe. Mwaka 1992 wenye elimu waliandika kwamba, zaidi ya pombe, inaonekana kuna jambo la uriziwa vilevile.

Hapo mwanzo mutu hasikii kitu. Baadaye anachoka, viungo vya vidole vinamuuma, ngozi inageuka rangi. Chuma kilichozidi kinafanya kazi kama kutu: kinaharibu pahali kinapokaa. Kikikaa katika ini, linakuwa gumu na linaweza kuingiwa na kansa. Kikikaa katika kongosho, kinaleta ugonjwa wa sukari. Kikikaa katika moyo, moyo unalegea. Mwili wenye gramu 3 au 4 unaweza kufikia gramu 20 na kupita.

3. Mufano wa mufua majembe

Wengine wanauliza: “Chuma kimo katika ini. Kwa nini munganga anatoa damu ya mukono? Namna gani damu ya mukono itaponya ini?”

Fikiri juu ya mufua majembe. Nyuma ya nyumba yake kuna lundo kubwa la chuma, limejaa hata njia imeziba. Majembe yake yamepangwa mbele, tayari. Kama hakuna anayenunua, yeye hafui, na lundo halipungui. Lakini ukichukua majembe kumi, anawasha moto. Anakwenda nyuma, anatwaa chuma katika lundo, anafua majembe mengine kumi. Juma linalofuata ukichukua kumi tena, atafanya vilevile. Wewe hukugusa lundo lake hata siku moja, lakini linapungua.

Mufua majembe ndiye uboho wa mifupa. Majembe ni chembe nyekundu. Lundo ni chuma kilicho katika ini. Tukitoa damu, figo zinasikia kwamba oksijeni imepungua kidogo, nazo zinatuma mujumbe mwingine, jina lake eritropoetini, kwa uboho. Mujumbe anasema: Fanyiza chembe mpya. Uboho unakwenda kutwaa chuma katika akiba. Shika neno hili, maana ndilo shina la somo lote: hemoglobini inayorudi ndiyo inayotoa chuma katika ini.

Waganga wawili wa Marekani, Davis na Arrowsmith, waliandika habari hii mwaka 1952, juu ya wagonjwa watatu waliotolewa damu mara nyingi. Hata leo hii ndiyo dawa ya kwanza ya hemokromatosi.

4. Mufuko mumoja unatoa chuma gani?

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kuna baba mumoja mwenye hemoglobini gramu 15 katika kila mililita 100 za damu. Tunatoa mufuko mumoja wa mililita 500. Katika mufuko huo kuna hemoglobini gramu 75. Tukizidisha kwa 3.4, tunapata chuma miligramu 255. Tuseme 250 kwa urahisi.

Kama baba huyu ana gramu 10 zilizozidi, ni kusema miligramu 10,000, atahitaji mifuko 40. Akitolewa mumoja kila juma, ni majuma 40. Tena hemoglobini ikishuka kidogo, kila mufuko unabeba chuma kidogo kuliko ule wa kwanza, na kwa hiyo mifuko itapita 40. Usishangae kama munganga anakuita mwaka muzima. Chuma kiliingia polepole kwa miaka mingi, na hakiwezi kutoka kwa siku tatu.

5. Hemoglobini inashuka lini, na inarudi lini?

Hapa watu wengi wanapotea, hata wengine wanaotumika katika chumba cha dawa. Ukimupima mutu mara moja baada ya kutoa damu, hemoglobini inaonekana kama haikushuka. Kwa nini? Fikiri juu ya chungu cha maharagi. Ukichota kikombe kimoja, maharagi na muchuzi vinatoka pamoja, na yale yaliyobaki hayakubadilika uzito. Lakini ukiongeza maji pahali pa ulichochota, chungu kizima kinakuwa chepesi. Mwili unafanya vilevile. Katika siku moja au mbili maji yanaingia katika mishipa kujaza pahali palipoachwa. Ndipo hemoglobini inaposhuka: kwa mutu mukubwa, gramu 1 hivi au kupita kidogo. Kwa hiyo tunapima kabla ya kutoa mufuko unaofuata, wala hatutegemei kipimo cha saa ile ile.

Halafu uboho unaanza kazi. Siku zote, hata pasipo kutolewa damu, unafanyiza kila siku chembe za kutosha mililita 40 hivi za damu, kurudisha zile zilizozeeka. Ukitolewa mililita 500 kila juma, uboho unapaswa kuongeza mililita 70 hivi kwa siku, ni kusema kazi yake inakuwa karibu mara tatu. Mutu mwenye akiba kubwa ya chuma anaweza kuivumilia kazi hii, maana lundo liko karibu na moto. Hemoglobini yake inashuka kidogo katika majuma ya kwanza, halafu inasimama, na juma kwa juma inajazwa.

Mutu asiye na akiba si hivi. Yeye akitolewa mufuko mumoja tu, na asipopewa chuma, hemoglobini yake inaweza kukawia miezi kurudi. Mujumbe wa figo anaita, uboho unasikia, lakini lundo ni tupu.

Basi tunaona kwamba hemoglobini ni kama barua inayotoka ndani ya mwili. Ikirudi vizuri, barua inasema: Chuma kingali kipo. Ikianza kushuka na kukataa kurudi, inasema: Lundo limekwisha, au kuna ugonjwa mwingine.

6. Kupima kabla ya kila mufuko

Kwa sababu hii hakuna mutu anayepaswa kutolewa damu pasipo kupimwa hemoglobini siku ile. Waganga wa Ulaya waliandika mwaka 2022 kanuni hii: hemoglobini ikishuka chini ya gramu 12, damu itolewe kidogo au kwa nafasi ndefu zaidi. Ikishuka chini ya 11, waache kwanza, wamutazame mugonjwa upya.

Linganisha mugonjwa na yeye mwenyewe, si na jirani yake. Watu wanaokaa juu milimani wana hemoglobini kubwa kidogo kupita watu wa bonde. Mutu wa Bukavu, kwenye urefu wa metre 1,500 hivi, hawezi kuhukumiwa sawasawa na mutu wa pwani. Andika namba ya siku ya kwanza katika karata yake, nayo itakuwa ushuhuda mpaka mwisho.

Tunapima feritini vilevile, maana inaonyesha ukubwa wa akiba. Mwanzoni damu inatolewa mara nyingi, mpaka feritini inafika 50 hivi. Halafu mifuko inapunguzwa: wengine wanatolewa mitatu au mine kwa mwaka, ili akiba ikae kati ya 50 na 100. Lakini feritini inaweza kupanda vilevile kwa sababu ya homa, au pombe, au ugonjwa wa ini. Feritini kubwa peke yake haitoshi kumutoa mutu damu. Munganga anaongeza vipimo vingine.

Kama hemoglobini inashuka na feritini imekuwa ndogo, tushukuru: kazi imekwisha, tupumzishe mugonjwa. Lakini kama hemoglobini inashuka na feritini ingali kubwa, tusilaumu sindano tu. Tutafute malaria, minyoo, kidonda cha tumbo kinachotoka damu, au chakula kibaya. Kufanyiza damu mpya kunataka vitu vingine pia, kama foleti iliyo katika maharagi na majani mabichi. Mutu anayetolewa damu asiache kula vizuri.

Mukristo mumoja anaweza kuuliza: “Mambo ya Walawi 17:11 inafundisha kwamba uhai wa mwili umo katika damu. Basi, ni haki kuitoa?” Tunajibu: Kwa sababu uhai umo ndani yake, hatuichezei. Ndiyo maana tunapima kwanza, tunatoa kwa kiasi, na tunangoja irudi. Anayetoa damu pasipo kupima ndiye anayedharau uhai.

7. Wale wasiopaswa kutolewa damu

Kuna watoto wetu wenye ugonjwa wa SS. Wao pia wanaweza kuzidiwa na chuma, lakini kwa njia nyingine. Chembe zao zinavunjika upesi, na mara nyingi wanaongezwa damu hospitalini. Kila mufuko wanaopokea unawaletea chuma miligramu 200 hivi au zaidi, na mwili hauna mulango wa kukitoa. Baada ya miaka, ini linajaa.

Je, tuwatoe damu wao vilevile? Kwa kawaida hapana. Hemoglobini yao ni gramu 6 mpaka 9 tu. Hawana majembe ya kutoa. Kwao kuna dawa zinazokamata chuma na kukitoa nje: deferoksamini, inayoingizwa polepole kwa sindano kwa saa nyingi, na deferasiroksi, inayomezwa. Muzazi mwenye mutoto wa SS aliyeongezwa damu mara nyingi amuulize munganga juu ya jambo hili. Wala asimupe vidonge vya chuma kwa mawazo yake mwenyewe.

Tena tunasema wazi juu ya desturi ya kuchanja ngozi na kuvuta damu kwa pembe. Wengine watasikia somo hili na kusema: “Tazameni, hata hospitali inatoa damu!” Ndugu, si jambo moja. Mutoto wa kilo 10 ana damu mililita 800 hivi katika mwili wote. Ukimuvuta kikombe kimoja, umemutoa robo ya damu yake. Mutoto mwenye malaria kali, hemoglobini yake inaweza kuwa imekwisha kushuka chini ya gramu 5. Kumuvuta damu mutoto huyu ni kumuua. Mulete hospitali upesi, hata kama ni usiku.

8. Mambo ya kushika

Kama munganga ameamua utolewe damu, shika maneno haya:

Siku ile kula kwanza, na kunywa maji ya kutosha. Usije na njaa.

Uliza: “Hemoglobini yangu ni ngapi leo?” Ni haki yako kujua. Iandikwe katika karata.

Baada ya kutolewa, kaa kidogo, kunywa tena. Kichwa kikizunguka, lala chini na kuinua miguu. Siku ile usibebe muzigo muzito wala usilime shamba.

Kama unahema ukiwa umekaa, au kifua kinakuuma, au umezimia, usingoje siku yako. Rudi upesi.

Acha pombe kabisa kama ini lako limeumia, maana pombe na chuma ni adui wawili wanaosaidiana. Usimeze vidonge vya chuma wala vya vitamini C pasipo ruhusa. Lakini matunda na sombe usiogope kula.

Kama ni hemokromatosi ya uriziwa, waambie ndugu zako wa tumbo moja wapimwe wao pia. Ugonjwa ukionekana mapema, mbele ya ini kuharibika, mutu anaweza kuishi miaka yake kama watu wengine.

Usiogope ukiona mufuko unajaa. Damu yako si mbaya, wala haikulaaniwa. Katika inchi fulani damu hii hii, ikiisha kupimwa na kuonekana safi, wanapewa wagonjwa wengine. Inatolewa ili mufua majembe aende nyuma ya nyumba na kupunguza lundo. Juma linalofuata, ukirudi na namba yako ikiwa nzuri, utajua kwamba alifanya kazi usiku na muchana, hata ulipokuwa umelala.

Maulizo

1. Hemoglobini inafanya kazi gani, na kwa nini inataka chuma?
2. Kwa nini mwili hauwezi kutoa wenyewe chuma kilichozidi?
3. Eleza mufano wa mufua majembe. Majembe ni nini? Lundo ni nini?
4. Kwa nini kipimo cha mara moja baada ya kutoa damu kinaweza kutudanganya?
5. Mugonjwa alianza na hemoglobini 15. Leo ana 10, na feritini ingali kubwa. Je, tutatoa mufuko leo? Tutatafuta nini?
6. Kwa nini mutoto wa SS hatolewi damu, hata kama chuma chake kimezidi?
7. Jirani yako anataka kumuvuta damu kwa pembe mutoto mwenye homa. Utamwambia nini, na utafanya nini?